Kataliko, mtoto wa Lubero ambaye Bukavu ilimdai kwa miezi saba

GOMA – Mwezi wa Februari 2000, mji wa Goma ulikuwa makao makuu ya waasi wa RCD. Ni wakubwa wa kundi hilo waliokata shauri ambalo lilitikisa Kivu nzima: Emmanuel Kataliko, Askofu Mkuu wa Bukavu, akatazwe kurudi kwenye jimbo lake. Alilazimishwa kubaki Butembo, katika eneo alikozaliwa.

Kwa macho ya haraka, hiyo haikufanana na adhabu. Mtu amerudishwa kwao, kati ya ndugu zake, kwenye lugha ya mama yake. Lakini miezi saba iliyofuata iliwaonyesha wengi kwamba kwao kwa Kataliko kulikuwa kumekwisha kupanuka. Leo, wakati kila mtu katika mkoa wetu anaulizwa kwanza kabila lake na kijiji cha babu yake, maisha ya mtu huyu yanastahili kusimuliwa tena.

Kataliko alizaliwa mwaka 1932 huko Lukole, katika milima ya Lubero, nchi ya Wanande. Ni eneo la baridi, la viazi na maharagwe, ambalo Goma inalijua vizuri kwa sababu sehemu ya chakula cha masoko yetu inatoka huko. Wamisionari Waasumpsionisti walikuwa wamefika upande huo miaka michache tu kabla ya kuzaliwa kwake. Kijana aliingia seminari, akapelekwa kusoma Roma, na mwaka 1958 akapewa upadri. Nchi ilikuwa bado koloni la Ubelgiji, miaka miwili kabla ya uhuru.

Mwaka 1966, hajafikisha hata miaka 35, aliteuliwa kuwa askofu wa jimbo la Beni, ambalo leo linaitwa Butembo-Beni. Alichukua nafasi ya Mgr Henri Piérard, mmisionari wa Kibelgiji. Kwa mara ya kwanza waamini wa huko waliona mtoto wao mwenyewe akikalia kiti cha uaskofu. Vita vya Wasimba vilikuwa ndiyo kwanza vimepita, na Mobutu alikuwa na miezi michache tu tangu achukue madaraka.

Alikaa kwenye kiti hicho miaka zaidi ya 30. Ni karibu muda wote wa utawala wa Mobutu, miaka ambayo serikali ilizidi kuwa mbali na mwananchi. Barabara ziliharibika, walimu walikaa bila mshahara, na Kinshasa ilikuwa zaidi ya kilomita 1,500. Kataliko hakungoja Kinshasa. Jimbo lake lilishughulika na shule, vituo vya afya, maji ya kunywa na barabara za kutoa mazao vijijini. Wakulima walitoa nguvu zao, wafanyabiashara wa Butembo walitoa pesa, na Kanisa lilipanga kazi.

Alama kubwa ya miaka hiyo inasimama mpaka leo. Mwaka 1989 kilianzishwa Butembo Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kinachojulikana kwa herufi UCG. Kabla ya hapo, kijana wa Butembo au Beni aliyetaka kusoma chuo kikuu alipaswa kwenda Kisangani, Lubumbashi au Kinshasa, safari ambayo wazazi wengi hawakuweza kuilipia. Kuanzisha chuo kikuu kwenye mji ambao hata haukuwa makao makuu ya mkoa kulionekana kama ndoto. Hata hivyo UCG ilisimama, na tangu wakati huo imetoa wanasheria, waganga na mainjinia wa kilimo ambao wanafanya kazi Goma, Beni, Bunia na mbali zaidi.

Kama maisha yake yangeishia hapo, Kataliko angekumbukwa kama mjenzi wa Grand Nord, na wengine wangesema kwamba ni mtu wa Wanande tu. Lakini yaliyomngoja yalikuwa kusini mwa ziwa.

Tarehe 29 Oktoba 1996, Askofu Mkuu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa, aliuawa mjini humo, siku ambayo mji uliangukia mikononi mwa askari wa uasi wa AFDL na wale wa Rwanda waliouunga mkono. Munzihirwa alikuwa Mushi, mzaliwa wa Walungu, na alikuwa amepaza sauti juu ya vita na juu ya maisha ya wakimbizi. Kiti chake kilibaki wazi. Mwezi wa Machi 1997, Papa Yohane Paulo wa Pili alimteua Kataliko kukikalia. Alikuwa na miaka karibu 65, umri ambao wengi wanafikiria kupumzika. Aliacha jimbo alilolijenga na kwenda kwa watu wenye lugha na desturi nyingine, kuchukua nafasi ya mtu aliyeuawa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti 1998, vita vya pili vilianza. RCD, wakiungwa mkono na Rwanda, waliushika mji wa Bukavu. Habari za mauaji ya Kasika na Makobola zilienea katika Kivu ya Kusini. Askofu hakunyamaza. Katika barua yake ya Noeli ya mwaka 1999 alizishutumu nguvu za kigeni ambazo, zikisaidiwa na baadhi ya Wakongo, zilikuwa zinaendesha vita kwa utajiri wa nchi hii yenyewe. Hakuwasamehe wananchi pia: alihuzunishwa na wale ambao walimtoa ndugu yao kwa pesa kidogo. Aliwaomba waamini wasimame imara bila kushika silaha.

Wakubwa wa RCD walimshitaki kwamba anachochea chuki na kuwasukuma watu kugoma. Ndipo ikaja amri ya Februari 2000.

Jibu la Bukavu halikuchelewa. Makanisa yalisitisha misa, shule zikafungwa milango, na shirika la raia likapaza sauti. Padri, mwalimu na mama muuzaji wa soko, wengi wao Washi, walikuwa wanamdai Munande arudishiwe kiti chake. Katika Kivu ya wakati ule, ambapo kila kundi lenye silaha lilijitafutia wafuasi kwa kutaja kabila, hilo halikuwa jambo dogo. Madai yalivuka mipaka ya nchi, na Roma nayo ikasema.

Wakati huo Kataliko alikuwa Butembo, mji ambao uliongozwa na tawi lingine la RCD, lile lililoungwa mkono na Uganda. Mwezi wa Juni mwaka huo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa siku sita ndani ya Kisangani na kuua raia wengi. Kivu ilikuwa imekatwa vipande, na kutoka Butembo mpaka Bukavu, njia ambayo kwa kawaida inapita Lubero, Kanyabayonga, Rutshuru, Goma na kuvuka ziwa, ilikuwa kama kutoka nchi moja kwenda nyingine.

RCD mwishowe walilegeza kamba. Tarehe 14 Septemba 2000 Kataliko alirudi Bukavu, na watu wengi sana walijitokeza kumpokea. Furaha hiyo haikutimiza hata mwezi. Alisafiri kwenda Italia kwenye mkutano wa maaskofu wa Afrika, na huko, tarehe 4 Oktoba, moyo wake ulisimama ghafla. Alikuwa na miaka 68.

Mwili wake ulirudishwa Kongo, na mahali pa kuzikwa palikuwa Bukavu. Analala kwenye kanisa kuu la mji huo, karibu na Munzihirwa, mtoto wa Lubero kando ya mtoto wa Walungu. Mwaka 2001 kiti kilipewa Charles Kambale Mbogha, naye Munande, na waamini wa Bukavu wakampokea kama walivyompokea aliyemtangulia.

Vijana wengi wanaopita leo kwenye viwanja vya UCG walizaliwa baada ya kifo chake. Wengine wanasoma pamoja na wenzao waliotoka Goma, Bunia na Bukavu, na jina la Kataliko wanalijua kama jina la mwanzilishi tu. Inafaa walijue pia kama jina la mtu ambaye alifukuzwa mpaka nyumbani kwao, na ambaye watu wa mji mwingine walikataa kuelewa kwamba huko ndiko nyumbani kwake.