MZEE ALIYEMLETA BWANA MSA

Wadau wa Igoma mnaokesha na muvi za upelelezi, Bwana Msa mnamjua? Yule wa kiko na akili kama wembe! Aliyemtunga ni Mohamed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Zanzibar, 1918.

Alimaliza shule 1938 akawa bwana afya. Miaka kumi baadaye akahamia magazetini. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikashinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957-58, kitabu kikatoka 1960. Msa ana undugu na Sherlock Holmes wa Waingereza, ila wetu yuko Unguja na rafikiye Najum, na silaha yake ni kufikiri, si bastola.

Sasa cheki hii. 1968 kilitoka Kisima cha Giningi, na mwaka huo huo mzee akastaafu uhariri wa jarida la Mkulima. Miaka hamsini! Wengine hapo wanangoja pensheni tu. Yeye akaachia vitabu vitano zaidi, kuanzia Duniani Kuna Watu (1973) hadi Kosa la Bwana Msa (1984). Alifariki 1991.

Mwenye Siri ya Sifuri hapa Igoma asiifiche kabatini, tunaiomba tuisome kwa zamu.