Rudolf Diesel: enjenia aliyepigana na moto unaopotea bure

Nyantende, pembeni ya mji wa Bukavu, siku inaanza na moshi wa mbabula. Makala yanawashwa, sufuria inawekwa juu, nyumba inaamka. Umeme wa SNEL ukikatika, kama inavyotokea mara nyingi katika Kivu ya Kusini, anayetaka kusaga muhogo au kuchomelea chuma anatafuta moteri ya mazutu. Makala kwa chakula, mazutu kwa kazi. Makala yanatoka kwenye miti ya milima na misitu ya karibu. Mazutu yanafika kwa malori kutoka bandari za mbali za Mombasa na Dar es Salaam, na kila mpaka unaongeza bei yake.

Moteri hiyo ya mazutu ilibuniwa na Rudolf Diesel. Karibu dunia nzima inayaita mafuta yake kwa jina la mtu huyo, ijapokuwa huku Kivu watu wanasema mazutu. Alikufa mwaka wa 1913, lakini swali alilolibeba maisha yake yote lingali mbele ya kila jiko: moto ukiwashwa, sehemu gani inafanya kazi, na sehemu gani inapotea hewani?

Mkimbizi wa miaka 12

Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani kutoka Bavaria. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa vitu vya ngozi, na nyumbani hakukuwa na mali nyingi. Mwaka wa 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia, na familia za Wajerumani zikalazimika kuondoka Paris. Familia ya Diesel ilikimbilia London. Rudolf alikuwa na miaka 12 tu, na kufunga mizigo namna hiyo ni jambo ambalo watu wa Kivu hawahitaji kuelezwa.

Maisha ya London yalikuwa magumu. Wazazi walimtuma kijana wao Augsburg, Ujerumani, kwa ndugu wa familia aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Huko alisoma ufundi, akaonyesha akili kubwa, na mwaka wa 1875 akapata msaada wa masomo katika chuo kikuu cha ufundi cha Munich. Ugonjwa wa tifoidi ulichelewesha mtihani wake wa mwisho, lakini mwaka wa 1880 alimaliza akiwa na alama za juu kabisa.

Mwalimu wake alikuwa Carl von Linde, mtaalamu wa mashine za kutengeneza barafu. Katika masomo yake Diesel alijifunza jambo ambalo halikumtoka tena moyoni: mashine za mvuke, zilizoendesha viwanda, treni na meli za wakati ule, zilitumia kwa kazi asilimia 6 hadi 10 tu ya joto la makaa ya mawe. Yaliyobaki yalipotea. Mtu alichimba makaa, akayasafirisha, akayalipia, kisha karibu yote yakaenda na moshi. Kijana huyo aliamua kutafuta mashine ambayo haitapoteza kiasi hicho.

Miaka ya majaribio

Baada ya masomo alifanya kazi Paris katika shughuli za barafu za Linde. Mwaka wa 1883 alimwoa Martha Flasche, wakapata watoto watatu. Nje ya kazi ya mshahara alijaribu moteri ya mvuke wa amonia. Moja ya mashine hizo ililipuka na kumuumiza vibaya, akalazwa hospitalini kwa muda mrefu.

Hakuacha. Mwaka wa 1892 aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake mpya. Wazo lenyewe anaweza kulielewa yeyote aliyewahi kupiga pompi ya kinga: hewa ikibanwa, chuma kinapata moto. Diesel alitaka kubana hewa ndani ya silinda mpaka iwe na joto la kutosha kuwasha mafuta yenyewe, bila cheche ya umeme. Kadiri hewa inavyobanwa, ndivyo joto la mafuta linavyogeuka kazi kwa wingi zaidi.

Kiwanda cha mashine cha Augsburg na kampuni ya Krupp vilikubali kumsaidia. Jaribio la kwanza, mwezi wa Agosti 1893, liliishia kwa mlipuko uliovunja kipimo cha mashine. Mwaka uliofuata moteri ilizunguka yenyewe kwa dakika moja tu. Ilichukua miaka mitatu zaidi. Mwezi wa Februari 1897, profesa Moritz Schröter aliipima mbele ya mashahidi, na matokeo yalikuwa asilimia 26.2. Zaidi ya robo ya joto ilikuwa imegeuka kazi. Hakuna moteri nyingine iliyofika hapo wakati huo.

Moteri iliyonywa mafuta ya karanga

Mwaka wa 1900 Paris ilikuwa na maonyesho makubwa ya dunia. Moteri ya Diesel ilipata tuzo ya juu. Lakini jambo lingine lilitokea pale, na wageni wachache waliligundua: kampuni ya Otto ilionyesha moteri ndogo ya Diesel iliyokuwa ikitembea kwa mafuta ya karanga.

Mara nyingi inasimuliwa kwamba Diesel alibuni mashine yake kwa ajili ya karanga. Si kweli. Moteri ile ilitengenezwa kwa mafuta ya ardhini, ikaonekana kwamba inakubali mafuta ya karanga bila kubadilishwa kitu. Na wazo halikutoka kwake, lilitoka kwa serikali ya Ufaransa. Karanga zilikuwa nyingi katika makoloni yake ya Afrika, na Paris ilitaka kujua kama makoloni hayo yangeweza kuendesha mashine kwa mafuta ya shambani, bila kuagiza makaa ya mawe kutoka ng'ambo.

Diesel alifanya majaribio yake mwenyewe baadaye, na yakamridhisha. Mwaka wa 1912 alieleza hadharani kwamba mafuta ya mimea, ijapokuwa yanaonekana kitu kidogo kwa wakati huo, siku moja yanaweza kuwa na uzito sawa na mafuta ya ardhini. Mwaka mmoja kabla, mfanyabiashara Mwingereza William Lever alikuwa amepata ardhi kubwa ya michikichi katika Congo ya Wabelgiji. Mawese yake yalitafutwa kwa sabuni, si kwa moteri.

Safari ya mwisho kutoka Anvers

Moteri ilimletea Diesel utajiri, na utajiri ukaondoka. Kazi nyingi na kesi za uvumbuzi zilivunja afya yake. Alijenga nyumba ya fahari Munich, akatia feza nyingi katika biashara ya viwanja na visima vya mafuta, akapata hasara kubwa. Mtu aliyehesabu kila tone la joto hakuweza kuhesabu madeni yake.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli Dresden katika bandari ya Anvers, Ubelgiji, akielekea Uingereza pamoja na George Carels, mwenye kiwanda cha moteri kutoka mji wa Gand. Walikula pamoja, wakaagana. Asubuhi kitanda chake kilikutwa hakijalaliwa. Siku chache baadaye mabaharia wa Uholanzi waliona maiti baharini, wakachukua vitu vya mfukoni na kuuacha mwili majini. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo. Wengi wanaamini kwamba madeni yalimfanya ajiue. Wengine walisema aliuawa, lakini ushahidi haukupatikana. Alikuwa na miaka 55.

Mawese yanafika kwenye basi

Wazo la mafuta ya mimea halikufa naye, na safari hii Congo ilikuwa katikati. Mawese yana shida ambayo mama yeyote wa Bukavu anaijua: asubuhi ya baridi yanaganda ndani ya chupa. Moteri haipendi mafuta mazito. Mwaka wa 1937, profesa Georges Chavanne wa Chuo Kikuu cha Bruxelles alipata hati ya njia ya kuyachanganya mawese na pombe kwa kemia, ili yawe mepesi kama mazutu. Mwaka wa 1938 basi la abiria lilitembea kwa mafuta hayo kati ya Bruxelles na Louvain. Leo mafuta ya namna hiyo yanauzwa nchi nyingi.

Ufundi ulikuwapo, basi. Kilichokosekana ni hesabu nzuri. Mafuta ya ardhini yalikuwa rahisi, na viwanda vilitengeneza moteri za kuyafuata. Tena, bei ya mawese haikuonyesha jasho lote lililotumika. Katika mashamba ya Congo ya Wabelgiji watu walilazimishwa kukata ngazi, na mwaka wa 1931 Wapende waliasi, uasi ukazimwa kwa risasi. Nguvu ya mabega yao pia ilikuwa nishati, lakini haikuandikwa katika kitabu cha hesabu.

Hesabu ya leo inabaki na ukali uleule. Litre moja ya mawese ina joto linalokaribia lile la litre ya mazutu. Katika moteri yenye uwezo ule wa asilimia 26, inatoa kazi ya kilowati-saa 2.5 hivi, karibu kiasi cha kuwasha taa 10 za wati 10 kwa siku nzima. Litre hiyohiyo, kama chakula, ina nguvu ya kumlisha mtu mzima kwa siku 4. Kwa familia isiyoshiba, jibu linajulikana.

Wengine walidhani kwamba mmea usioliwa ungeondoa shida hiyo. Huko Kisarawe, Tanzania, kampuni ya Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za kupanda mibono. Mwaka wa 2011 kazi ilisimama, wafanyakazi wakaachishwa, na wanakijiji wakabaki bila mishahara na bila ardhi yao. Mmea usioliwa nao unakula udongo, maji na mikono ya watu.

Kinachofaulu kwa urahisi zaidi ni mabaki. Viwanda vya mawese vinachoma nyuzi na maganda ya ngazi ili kuchemsha maji yao, na hakuna sahani inayopungua.

Hesabu ya mbabula

Somo la Diesel linarudi kwenye makala. Katika tanuru la udongo, kilo 6 hadi 10 za kuni zinatoa kilo 1 ya makala. Kilo hiyo ina joto mara mbili hivi ya kilo ya kuni, kwa hiyo sehemu kubwa ya mti imekwisha kupotea kabla gunia halijafika sokoni. Kisha mbabula ya kawaida inapeleka kwenye sufuria robo ya joto la makala, au chini yake. Mwishoni, sehemu 100 za joto la mti zikiwashwa, zinazopika chakula hazifiki 10.

Ni hesabu ileile ya mashine za mvuke iliyomkasirisha mwanafunzi wa Munich. Tofauti ni kwamba hapa hasara inalipwa na mama anayenunua makala, na misitu kama ile ya Kahuzi-Biega. Katika Kivu ya Kaskazini, mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF umewasaidia wakulima kupanda miti yao ya makala tangu mwaka wa 2007, ili Virunga ipumue. Kupanda kunasaidia. Lakini tanuru linalotoa kilo 2 pale palipotoka 1 linaokoa nusu ya miti bila kupanda hata mmoja, na mbabula inayoshika joto vizuri inaweza kufanya gunia la wiki mbili lifike wiki ya tatu.

Diesel hakuanza kwa kutafuta mafuta mapya. Alianza kwa kuuliza yale yaliyokuwapo yanakwenda wapi. Nyantende, moshi ukipanda asubuhi, swali hilo bado linasubiri fundi.