Jomo Kenyatta: kutoka London hadi Lodwar, mtu aliyekaa mbali na kwao

Sisi wa pwani tukimtaja Mzee Jomo Kenyatta huwa tunakumbuka mambo mawili: Ikulu ya Mombasa alikofia, na mashamba. Hayo ya mashamba nitayagusa mbele kidogo. Leo nataka tumtazame kwa upande mwingine, upande ambao kila nyumba ya hapa petu yenye mtoto Muscat, Jeddah au London itauelewa upesi. Kabla hajawa rais, mtu huyu alikuwa msafiri, kisha mfungwa. Ukijumlisha miaka yake ya Ulaya na ile ya kifungo na kizuizi huko kaskazini, ni zaidi ya miaka 25 ambayo hakulala kwao.

Mwaka aliozaliwa haujulikani kwa hakika. Ilikuwa katika miaka ya 1890, upande wa Gatundu, na jina lake la utotoni ni Kamau wa Ngengi. Alisoma kwa wamishonari wa Kiskoti Thogoto, akabatizwa Johnstone mwaka 1914, akaja kufanya kazi katika idara ya maji ya mji wa Nairobi. Alipenda kuvaa mshipi wa shanga, na jina la Kenyatta likatokana na mshipi huo. Mwaka 1928 alikuwa katibu mkuu wa chama cha Kikuyu Central Association, KCA, na mhariri wa gazeti lake la Muigwithania, maana yake mpatanishi.

Februari 1929 chama kilimtuma London kupeleka malalamiko ya ardhi. Aliteremka Mombasa akapanda meli, kama walivyopanda wengi kabla na baada yake. Nyuma alimwacha mkewe Grace Wahu, mwanawe Peter Muigai, na binti mchanga aliyezaliwa mwaka mmoja tu nyuma, Margaret Wambui. Huko London aliandika barua za kwenda nyumbani, na nyingine zilichapishwa katika Muigwithania ili watu wa vijijini wasomewe habari za mjumbe wao. Alirudi Septemba 1930. Mei 1931 akaondoka tena, safari hii pamoja na Parmenas Mockerie, tena kwa shughuli ileile ya chama.

Mockerie alirudi. Kenyatta alikaa miaka 15.

Nani kati yetu hajaisikia hadithi hiyo? Mtu huaga kwa miezi sita, kisha mwaka, kisha watoto wanakua wakimjua baba kwa picha. Fedha za kutoka KCA zilikuja kwa kuchelewa au hazikuja kabisa, na kodi ya chumba haikungoja. Akaishi kwa madeni na vibarua. Alifundisha wasomi wa Kiingereza matamshi ya Kikuyu. Mwaka 1935 alionekana katika filamu ya Sanders of the River, ambayo nyota wake alikuwa Paul Robeson, naye Kenyatta akiwa miongoni mwa Waafrika waliojaza mandhari tu. Kati ya 1932 na 1933 alikuwa Moscow, jambo ambalo wakoloni hawakulisahau. Baadaye akajiunga na London School of Economics, akasoma elimu ya jamii na mila kwa Profesa Bronislaw Malinowski.

Kutokana na masomo hayo kilitoka kitabu Facing Mount Kenya, mwaka 1938. Wengi hukitaja kama kitabu cha siasa au cha elimu. Mimi naona pia ni kazi ya mtu mwenye hamu ya kwao. Alikuwa na miaka saba hajauona mlima wenyewe, naye ameketi katika chumba cha kupanga cha London anaeleza mipaka ya mashamba, posa na mahari, jando, na namna wazee wanavyokaa baraza, moja baada ya jingine, kama mtu anayehesabu vyombo vya nyumba aliyoiacha asije akasahau kimoja. Ni katika kitabu hicho ndipo alipojiita Jomo.

London ya wakati ule ilikuwa na Waafrika wengi wa hali kama yake. Mmoja alikuwa Peter Abrahams, mwandishi kijana kutoka Afrika Kusini, aliyetoroka ubaguzi wa kwao mwaka 1939 akafika Uingereza. Hawa wawili, pamoja na George Padmore wa Trinidad na Kwame Nkrumah, walikuwa katika mduara mmoja ulioandaa mkutano wa Umoja wa Waafrika uliofanyika Manchester Oktoba 1945. Abrahams alikuja Kenya mwaka 1952, akamkuta rafiki yake miezi michache tu kabla ya kukamatwa. Yeye mwenyewe hakurudi kuishi Afrika Kusini. Alihamia Jamaika mwaka 1956 na huko ndiko alikofia mwaka 2017. Safari zao zilifanana mpaka hapo, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Vita vya Hitler vilipoanza, Kenyatta alihamia Storrington, kijiji cha Sussex, akafanya kazi ya shamba. Wenyeji walimpa jina la utani Jumbo. Mwaka 1940 serikali ya Kenya ilipiga marufuku KCA, na kamba iliyomfunga na nyumbani ikakatika. Mei 1942 alimwoa Edna Clarke, mwalimu wa Kiingereza, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume, Peter Magana. Watu wengine humlaumu kwa ndoa hii, na Wahu yupo. Silitetei. Nasema tu kwamba mtu akikaa sana ugenini huota mizizi hata kama hakukusudia, na siku ya kurudi kwao lazima pawe na upande unaolia.

Septemba 1946 aliteremka tena Mombasa, umati ukampokea. Margaret sasa alikuwa msichana wa miaka 18 hivi. Edna na mtoto walibaki Uingereza.

Miaka sita tu alikaa nyumbani. Akawa mwalimu mkuu wa chuo cha Githunguri, kisha rais wa chama cha KAU kuanzia 1947, akizunguka nchi na kuhutubia maelfu. Usiku wa 20 Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa, akakamatwa. Kesi ilisikizwa Kapenguria, na tarehe 8 Aprili 1953 Jaji Ransley Thacker alimhukumu, pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng' Oneko, miaka saba na kazi ngumu kwa kuongoza Mau Mau. Oneko alishinda rufani, lakini hakuachiliwa. Alishikwa papo hapo akatiwa kizuizini, na sehemu ya kizuizi chake aliipitisha kisiwani Manda, mkabala na Lamu. Kwa hiyo pwani nayo ilikuwa na Lodwar yake.

Wengine walipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana, karibu na mipaka. Turkana wakati huo ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mgeni hakuingia bila kibali. Hapa ndipo ninapotaka msomaji wangu asimame kidogo. London ni mbali, lakini kati ya London na Mombasa palikuwa na meli, posta na magazeti, na mtu akiwa na senti ya stempu aliandika alichotaka. Lokitaung ilikuwa ndani ya Kenya, nayo ilikuwa mbali kuliko London. Barua zilihesabiwa na kusomwa na askari kabla ya kumfikia mwenyewe. Joto lilikuwa la kuunguza nyayo. Kwa sababu ya umri wake Kenyatta hakupelekwa kuvunja mawe na wenzake, akafanywa mpishi wa kambi. Pia alikosana na baadhi ya wafungwa wenzake, akawa mpweke hata ndani ya jela. Alipoletwa Waruhiu Itote, yule Jenerali China wa msituni, Kenyatta alimsaidia kujifunza Kiingereza.

Mwaka 1958 wafungwa wa Lokitaung walifanikiwa kupenyeza barua ikafika London, katika gazeti la The Observer, ikieleza hali ya jela. Mwezi huohuo, Juni, Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria akasema kwamba waliofungwa wangali viongozi wa watu. Wenzake Waafrika barazani walishtuka. Lakini jina lilikuwa limeshatajwa, na kuanzia hapo halikurudi tena mfukoni.

Aprili 1959 kifungo kilikwisha, bali serikali haikumwacha aende kwao. Ilimpeleka Lodwar. Hapo palikuwa na nyumba badala ya seli, na mkewe Mama Ngina, aliyemwoa mwaka 1951, aliruhusiwa kuja kukaa naye. Lakini mara mbili kila siku ilibidi aripoti kwa DC. Mzee wa miaka sitini na kitu, anatembea juani kwenda kuonyesha uso wake asubuhi, anarudi, kisha anakwenda tena. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kwa miaka miwili.

Wakati huohuo jina lake lilikuwa likitembea bila yeye. KANU ilipoundwa mwaka 1960 ilimchagua rais wa chama akiwa Lodwar. Serikali ikakataa kukisajili chama kwa sharti hilo, James Gichuru akamshikia kiti. Gavana Patrick Renison alitangaza hadharani kwamba huyu ni kiongozi wa giza na mauti. Nkrumah, aliyekuwa naye Manchester na sasa anaongoza Ghana huru, alimkabili waziri mkuu wa Uingereza kuhusu jambo hilo. Nyerere na Nehru nao walitaka afunguliwe. Urafiki wa ugenini ulikuwa umezaa matunda ambayo barua za kukaguliwa zisingeweza kuyaleta. Katika uchaguzi wa Februari 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11, na KANU ikakataa kuunda serikali mpaka Mzee aachiliwe. Machi 1961 viongozi wa vyama vyote viwili walisafiri mpaka Lodwar kumwona. Aprili akahamishiwa Maralal, na tarehe 14 Agosti 1961 akafikishwa Gatundu. Nyumba yake ya zamani ilikuwa imebomolewa. Walimjengea nyingine, akaingia kwake kama mgeni.

Yaliyofuata yanajulikana: waziri mkuu 1 Juni 1963, uhuru 12 Desemba, rais mwaka uliofuata. Kwa sisi wa pwani, Oktoba 1963 ni muhimu vilevile, kwani ndipo yeye na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walipoandikiana kuhusu ukanda wa maili kumi, na mahakama za kadhi zikapewa hakikisho.

Lakini kumsifu tu si haki. Mtu aliyejua vizuri hivyo maana ya kuzuiwa bila kesi, mwaka 1969 alimtia Odinga kizuizini, yeye aliyelitaja jina lake wakati wengine wanaogopa. Oneko, aliyekaa naye kizimbani Kapenguria, akafungiwa mwaka huohuo, akatoka 1975. Na Lodwar yenyewe? Mpango wa uchumi wa 1965 uliamua fedha za serikali zielekezwe kwanza pale penye rutuba na mvua, na Turkana haina hivyo viwili. Mzee alirudi kwao kwa shangwe, lakini barabara ya Lodwar ikabaki ilivyokuwa. Na huku kwetu, maskwota wa pwani walioishi kwenye ardhi za mababu bila hati waliona hati zikienda kwa wengine. Mtu aliyevuka bahari mara mbili kwa ajili ya ardhi ya watu wake angepaswa kulielewa hilo kuliko wote. Nimelifikiria sana na bado sijapata jibu la kuniridhisha.

Turkana imeendelea kuwa mahali pa watu walio mbali na kwao. Tangu 1992 kuna kambi ya wakimbizi Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka Lodwar kwenye njia ya Sudan Kusini. Humo mna Wasudan Kusini, Wasomali, Wakongo na wengineo, na wengi huzungumza kwa Kiswahili wanapokutana. Barua imekuwa simu. Mama anatafuta mahali penye mtandao ampate mwanawe Juba au Bukavu, na salio linakwisha kabla ya maneno.

Kenyatta mwenyewe, katika miaka yake ya mwisho, alipenda kukaa huku Mombasa, mji alioondokea na kurudia. Tarehe 14 Agosti 1978, miaka 17 kamili tangu afikishwe Gatundu, aliwakusanya hapa jamaa zake wote. Peter Magana, yule mtoto aliyebaki Uingereza mwaka 1946 akiwa na miaka mitatu, alikuja kwa ndege na mkewe na watoto. Siku nane baadaye, alfajiri ya tarehe 22, Mzee alifariki katika Ikulu ya Mombasa.