Tilden na Kura Moja Iliyopungua

Marehemu Samuel Tilden, mwanasheria aliyezaliwa mwaka 1814, alikuwa Gavana wa New York alipogombea Urais wa Marekani mwaka 1876. Wananchi walimpa kura 250,000 hivi zaidi ya mpinzani wake, Rutherford Hayes. Lakini huko Rais huchaguliwa na wajumbe wa majimbo: zilihitajika kura zao 185, naye akawa na 184. Kura ishirini zilibishaniwa. Bunge likaunda tume ya watu 15. Wanane dhidi ya saba wakampa Hayes zote. Baadhi ya wafuasi wa Tilden walitaka kushika silaha. Yeye hakukubali. Wapo waliomwita mwoga. Sisi hatuoni hivyo. Alirejea kwenye vitabu vyake, akafariki mwaka 1886, na mali aliyoiacha ikasaidia kuanzisha maktaba ya umma ya New York.