Carl Akeley, mwindaji aliyezikwa Kabara

Kati ya mlima Mikeno na mlima Karisimbi, huku kwetu Kivu ya Kaskazini, pana uwanja wa majani uitwao Kabara. Uko juu zaidi ya mita 3,000, mahali pa ukungu na baridi, penye miti mizee yenye ndevu za kijivu. Hapo ndipo alipozikwa Mmarekani Carl Ethan Akeley, aliyefariki tarehe 17 Novemba 1926. Wanafunzi wengi wa kitivo chetu wanalijua jina la Dian Fossey, kwa sababu ya sinema na vitabu. La Akeley hulisikii mara nyingi, ingawa mbuga ya Virunga ilizaliwa kwa sehemu kubwa kutokana na maneno yake. Nimependa kuyasimulia maisha yake kwa kuwa yanatuachia swali gumu: tumkumbuke vipi mtu aliyeua wanyama maisha yake yote, kisha akawa mtetezi wao?

Akeley alizaliwa tarehe 19 Mei 1864 katika shamba karibu na kijiji cha Clarendon, jimbo la New York. Familia yake haikuwa na mali, na shule aliisoma kidogo tu. Kilichomvuta tangu utotoni ni kazi ya kuhifadhi ngozi za ndege na wanyama waliokufa ili waonekane kama wazima. Alipofika miaka 19 akaenda mji wa Rochester, kwenye karakana ya Henry Ward iliyokuwa ikitengeneza wanyama wa namna hiyo kwa ajili ya makumbusho. Huko alikuta kazi ikifanywa kwa haraka na bila heshima: ngozi ilijazwa majani makavu mpaka ikavimba, basi ikauzwa. Kijana hakuridhika.

Mwaka 1885 Jumbo, tembo wa Afrika aliyekuwa maarufu kuliko wote duniani, aligongwa na treni huko Kanada. Akeley alikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kumsimamisha tena. Ngozi ikawekwa juu ya umbo la mbao, na mifupa ikasimamishwa peke yake, hata Jumbo akawa wawili. Mwaka uliofuata Akeley alihamia makumbusho ya Milwaukee. Mwaka 1890 akatengeneza hapo kitu kipya kwa wakati ule: jamii ya panya wa majini pamoja na makao yao, maji, nyasi na nyumba zao, kama kipande cha mto kilichokatwa na kuwekwa ndani ya kabati la kioo. Kazi hiyo ipo hadi leo.

Mbinu yake ilihitaji subira. Alimpima mnyama, akasoma misuli yake, akaufinyanga mwili mzima kwa udongo, akatoa kalibu ya plasta, kisha akatengeneza umbo jepesi ambalo ngozi ililikaa sawasawa. Kwa njia hiyo mtazamaji aliona mshipa wa shingo na mkunjo wa goti. Lakini mbinu hiyo ilikuwa na bei yake. Ili kumfahamu mnyama vizuri, Akeley alitaka kumwona akiwa hai kwao, halafu akamuua mwenyewe.

Mwaka 1896, akiwa mtumishi wa makumbusho ya Chicago, alikuja Afrika kwa mara ya kwanza, nchi ya Wasomali. Jioni moja chui aliyejeruhiwa alimrukia. Bunduki ilikuwa haina tena kazi, wakapambana kwa mikono. Akeley alimsukumia mkono wake ndani ya koo huku akimkandamiza kifua kwa magoti, mpaka chui akafa. Picha yake akiwa na mkono uliofungwa bendeji, chui amening'inia pembeni, ilimpatia sifa kubwa. Miaka 14 baadaye, 1910, kwenye mlima Kenya, tembo dume alimvamia ghafla. Alijipenyeza katikati ya pembe mbili akazishika, na tembo akamkandamiza chini na kumponda uso. Wapagazi walidhani amekufa. Mke wake wa kwanza, Delia, alipanda mlima kumfuata, na ndiye aliyemwokoa.

Katika miezi ya kuuguza mbavu na uso wake, Akeley aliwaza ukumbi mmoja mkubwa wa Afrika ndani ya makumbusho ya New York. Aliona kwamba wanyama wanapungua upesi, na akataka kizazi kijacho kione walau sura zao. Akili yake haikutulia: alibuni mashine ya kurusha saruji ukutani, inayotumika katika ujenzi mpaka leo, na kamera ya sinema iliyogeuka kwa urahisi kufuata mnyama anayekimbia. Alikuwa tayari kuipoteza Afrika yenyewe, mradi abaki na picha yake. Fikra hiyo ilibadilika alipofika Kivu.

Hapa naomba ndugu msomaji aniruhusu nisimame kidogo kwenye majina, maana ndiyo kazi yetu sisi wa lugha za Kiafrika. Mnyama tunayemzungumzia wenyeji wa milima humwita ingagi, na Kiswahili kimepata ngagi. Neno gorila limetoka mbali: ni neno la kitabu cha Kigiriki cha zamani kilichosimulia safari ya Hanno wa Karthago, na wataalamu wa karne ya 19 wakalifufua. Jina la kisayansi la ngagi wa milimani, beringei, linamtukuza ofisa Mjerumani Robert von Beringe, ambaye mwaka 1902 aliua ngagi wawili kwenye mlima Sabyinyo. Yaani ngagi wetu amebeba jina la aliyempiga risasi. Tena, tangu vitabu vya Paul Du Chaillu vya miaka ya 1860, Wazungu walikuwa wamefundishwa kwamba ngagi ni jitu katili, adui wa binadamu.

Mwaka 1921 Akeley alifika chini ya Mikeno pamoja na familia ya Bradley, baba, mama na binti yao mdogo. Alikuja kutafuta ngagi kwa ajili ya ukumbi wake. Walipanda kwenye mianzi na upupu wakiongozwa na wenyeji waliojua kusoma nyayo na mashina yaliyotafunwa. Ngagi watano waliuawa katika safari hiyo. Akeley alichukua sura za maiti kwa plasta, akashtuka kuona jinsi kila uso ulivyokuwa tofauti na mwingine, kama nyuso za watu. Pia aliona jambo ambalo vitabu havikumwambia: dume alitisha ili jamaa zake wapate kukimbia, na akiachwa kwa amani, naye huacha watu kwa amani. Siku nyingine aliweka bunduki chini akashika kamera. Picha za sinema alizopata za ngagi wakiwa huru porini ndizo za kwanza duniani.

Safari hiyo ilimgeuza. Aliporudi Marekani aliandika na kusema kila mahali kwamba milima ile mitatu, Mikeno, Karisimbi na Bisoke, isiguswe na wawindaji, ila iachwe kwa ngagi na kwa wale watakaokuja kuwachunguza wakiwa hai. Kongo ilikuwa koloni ya Wabelgiji, kwa hiyo hoja ililazimika kufika Brussels. Mfalme Albert wa Kwanza alikuwa amezitembelea mbuga za taifa za Marekani mwaka 1919, na alilielewa jambo hilo haraka. Tarehe 21 Aprili 1925 amri ilitiwa sahihi, na Mbuga ya Taifa ya Albert ikawa ya kwanza barani Afrika.

Mwaka 1926 Akeley alirudi, safari hii na mke wake wa pili, Mary Jobe, pamoja na mchoraji William Leigh na mtaalamu Mbelgiji Jean-Marie Derscheid. Alikuwa na miaka 62, na alianza kupanda akiwa tayari mgonjwa. Alitaka kufika tena mahali alipopaona kuwa ni pazuri kuliko pote duniani. Alifika Kabara akiwa amechoka kabisa, na baada ya siku chache homa na kuhara vikamwua. Wenzake walimzika palepale. Mary Jobe hakushuka mara moja. Alibaki mlimani kwa majuma kadhaa akimaliza kazi ya picha na mimea. Ukumbi wa Afrika ulifunguliwa New York mwaka 1936, ukiwa na jina la Akeley. Ndani yake ngagi wa 1921 wamesimama mpaka leo, na nyuma yao Leigh amechora milima yetu.

Huo ndio mwisho wa mtu, lakini kazi yake iliendelea kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni ya heri. Kabara hiyohiyo ilimpokea George Schaller mwaka 1959, aliyewachunguza ngagi bila bunduki, na Dian Fossey mwaka 1967, kabla vita havijamhamishia Rwanda. Ngagi wa milimani, ambao walikaribia kutoweka, leo wamepita 1,000. Sura ya pili wazee wa Rutshuru na Masisi hawaisahau. Mwaka 1929 mbuga ilipanuliwa sana, na mipaka ikachorwa juu ya mashamba, malisho na njia za wavuvi. Familia ziliondolewa. Aliyekata kuni pale babu yake alipokuwa akikata aliitwa mwizi. Ugomvi wa ardhi tulio nao leo pembezoni mwa mbuga una mizizi katika miaka hiyo, na walinzi zaidi ya 200 wameuawa wakiilinda, wengi wao vijana wa Kongo kama sisi.

Je, tumkumbuke vipi basi? Wako wanaosema ni shujaa, na wako wanaosema ni mkoloni mwenye bunduki tu. Mimi naona kila upande umeshika nusu ya habari. Akeley aliua, hilo halifichiki. Lakini alikubali kufundishwa na alichokiona, akageuza njia akiwa na miaka karibu 60, umri ambao watu wengi hushikilia tu walichozoea. Tena yeye aliomba milima mitatu, na wengine baada yake wakachukua zaidi. Lawama ninayobaki nayo ni nyingine. Wenzake Wazungu tunawajua kwa majina yao yote, hata yule binti mdogo. Wapagazi waliombeba na waongozaji waliojua ngagi analala wapi, wengi wao wamehesabiwa tu kama mizigo. Ujuzi wao ndio ulioifanya sinema ya kwanza iwezekane, na haukuandikwa popote kwa lugha yao.

Jina la mbuga walau limerudi nyumbani. Tangu 1969 haiitwi tena Albert, inaitwa Virunga, na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kulichambua: ibirunga, milima ya volkano, ngeli ya ki- na bi- huko Kinyarwanda na Kinyabwisha, iliyoingia Kiswahili kwa vi- kama vile kitabu na vitabu. Karisimbi linahusishwa na isimbi, simbi jeupe, kwa ajili ya kilele kinachoweupuka baada ya baridi kali. Mikeno wengi hulihusisha na umaskini, kwa kuwa miteremko yake ya mawe haina cha kumpa mkulima. Mtu aliyetoa majina hayo alikuwa ameitazama milima hiyo muda mrefu kabla ya kamera yoyote.

Lakini majina ya mimea ambayo ngagi hula, ya vijito, ya mapango na ya njia za zamani za Kabara yamo vinywani mwa wazee wachache wanaosema Kinyabwisha, Kihunde na lugha za Wambuti. Kila mwaka wanafunzi wa kitivo chetu hutafuta mada ya kazi ya mwisho, na kila mwaka narudia kusikia kwamba mada zimekwisha. Mada hii bado haijachukuliwa na mtu. Anayeweza kufika Rugari au Kibumba wakati barabara iko salama, na aende na daftari, aandike neno, maana yake, na jina kamili la mzee aliyelitamka.