Hayati John Akii-Bua: Sekunde 47.82 na Miaka Iliyopotea

Vijana wa Kasese na Bwera hawahitaji kufundishwa maana ya mlima. Mtu ateremkaye vilima vya Bukonzo asubuhi na gunia la kahawa mabegani, kisha akavipanda tena jioni, ameujenga mwili wake pasipo kujua. Tangu mwaka 2022 mji wa Kasese umekuwa ukipokea wakimbiaji wa Rwenzori Marathon, na vijana wengi wa wilaya hii wameanza kutambua kwamba miguu nayo ni mali. Kwa ajili yao tumeona yafaa kusimulia maisha ya hayati John Akii-Bua, Mganda wa kwanza kuleta nyumbani medali ya dhahabu ya Michezo ya Olimpiki. Wengi wanalijua jina lake. Walio wachache ndio wajuao jinsi medali ile ilivyotafutwa, na jinsi mwenyewe alivyokosa miaka ambayo angeitafuta nyingine.

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, katika nchi ya Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wanane na watoto zaidi ya arobaini. Baba alipofariki dunia, kijana aliacha shule mapema, akachunga ng'ombe, akafanya kazi katika baa, na hatimaye akajiunga na Polisi ya Uganda. Hakuingia huko kutafuta sifa za michezo, bali kutafuta riziki. Lakini polisi wa siku zile walikuwa na viwanja, mashindano, na maofisa waliojua kumtambua kijana mwenye kipaji. Mmoja wao alikuwa Jorem Ochana, ambaye naye alikuwa mruka viunzi mashuhuri.

Ochana alikuwa mwalimu mkali. Ili kumzoeza kijana kuinamisha kichwa na kifua anapovuka kiunzi, aliweka mwamba mwingine juu yake. Aliyeinuka mno aligonga paji la uso, na Akii-Bua alitoka damu mara nyingi kabla ya kulijua somo hilo. Sisi tuliopitia chuo cha kadeti tunaifahamu shule ya namna hiyo: mwili huelewa kwanza, na akili huja kushukuru baadaye.

Mwaka 1968 serikali ilimpata mwalimu wa riadha wa taifa, Mwingereza Malcolm Arnold. Huyu ndiye aliyemwelekeza Akii-Bua kwenye mbio za mita 400 kuruka viunzi. Kwa asiyezijua mbio hizo, yafaa tueleze. Mkimbiaji huzunguka uwanja mara moja, na njiani huvuka viunzi kumi vyenye kimo cha sentimita 91.4, vilivyotengana kwa mita 35. Kasi peke yake haitoshi. Lazima ahesabu hatua zake kati ya kiunzi na kiunzi, na hesabu hiyo huvurugika pale hasa pumzi inapokwisha na miguu kuwa mizito. Wengi wanaweza kuruka kwa mguu mmoja tu. Akii-Bua alijifunza kuruka kwa mguu wowote, hata hatua zilipoongezeka hakulazimika kupunguza mwendo.

Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970 mjini Edinburgh alishika nafasi ya nne. Mwaka uliofuata, katika mashindano kati ya Afrika na Marekani yaliyofanyika Durham, jimbo la North Carolina, alishinda kwa sekunde 49.0. Hapo ndipo wakubwa wa mchezo huo walipoanza kuuliza Uganda iko wapi. Yeye alirudi nyumbani akaongeza mazoezi. Alivaa fulana yenye uzito wa kilo 11 hivi, akakimbia mita 1,500 kwa marudio mengi akivuka viunzi virefu kuliko vile vya mashindano, na akapanda vilima. Mzigo ule alijitwika kwa hiari, ili siku atakapoutua aone mwili umekuwa mwepesi.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, Ujerumani. Kura ilimpa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo wakimbiaji huichukia kwa kuwa kona zake ni kali. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwamo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa mwaka 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, na pia Ralph Mann wa Marekani. Hemery alianza kwa kasi kubwa. Akii-Bua hakubabaika, akashika hesabu ya hatua zake, na katika kona ya mwisho akamfikia na kumpita. Saa ilionyesha sekunde 47.82. Mann alikuwa wa pili kwa 48.51, na Hemery wa tatu kwa 48.52. Hakuna mwanadamu aliyekuwa amewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48 kabla ya polisi huyo kutoka Abako. Akazunguka uwanja kwa furaha huku watazamaji wakimshangilia.

Nyumbani alipokewa kwa shangwe, akapandishwa cheo, akapewa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikaitwa kwa jina lake. Chanda chema huvikwa pete. Lakini mkono uliomvika pete ulikuwa mkono wa Idi Amin, aliyetwaa serikali kwa bunduki mnamo Januari 1971. Katika utawala huo Walango na Waacholi wengi waliuawa, wakiwemo askari waliouawa ndani ya kambi zao. Sisi wa jeshi hatuwezi kulisimulia jambo hilo kwa kufumba macho, kwani waliofanya unyama huo walivaa magwanda. Bingwa wa dunia aliishi akisifiwa hadharani, ilhali kabila lake lilikuwa likiwindwa.

Mwaka 1973 alishinda tena katika Michezo ya Afrika mjini Lagos. Macho yake yalikuwa Montreal, mwaka 1976. Kijana wa Marekani, Edwin Moses, alikuwa amejitokeza, na dunia ilitaka kuwaona wawili hao uwanjani. Haikuwa hivyo. Nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo, zilisusia michezo hiyo kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu. Shabaha ya mgomo ule ilikuwa ya haki, lakini bei yake ililipwa na wanamichezo. Tarehe 25 Julai 1976 Moses alishinda kwa sekunde 47.64, na rekodi ya Akii-Bua, iliyokuwa imedumu karibu miaka minne, ikavunjwa yeye mwenyewe akiwa mbali na uwanja.

Mwaka 1979, Amin alipoangushwa, Akii-Bua alikimbilia Kenya pamoja na jamaa yake. Huko bingwa wa Olimpiki alijikuta katika kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu vya michezo ya Puma ilimsaidia kuhamia Ujerumani, akapata kazi. Mwaka 1980 aliikimbilia Uganda tena katika Michezo ya Moscow, akatolewa katika nusu fainali. Alikuwa na miaka 30. Uzoefu ulikuwapo, bali nguvu za miaka ile bora zilikuwa zimekwisha pita. Mnamo 1983 alirejea nyumbani, akarudi katika Polisi na kuwafundisha vijana. Alifariki dunia mjini Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47, akazikwa kwa heshima za taifa. Mjini Lira uwanja wa michezo una jina lake.

Uganda ilingoja miaka 40 kabla ya kupata dhahabu ya pili ya Olimpiki, aliyoileta Stephen Kiprotich katika marathoni ya London mwaka 2012. Baadaye Peruth Chemutai na Joshua Cheptegei walifuata. Wengine husema miaka ile yote vipaji vilikosekana. Sisi hatukubali. Maisha ya Akii-Bua yanaonyesha kwamba kipaji kilikuwapo, na kwamba palipokuwa na mwalimu, uwanja, mshahara na saa za mazoezi, kijana aliyeacha shule aliweza kuwashinda walimwengu wote. Kilichokosekana baadaye kilikuwa amani. Nyumba ikibomoka hujengwa upya, na shamba lililoachwa hulimwa tena. Mwili wa mwanamichezo haungoji. Hupewa miaka kumi hivi ya ubora wake, na miaka hiyo ikiliwa na vita, hakuna serikali iwezayo kumrudishia.

Kasese na Bwera wanaelewa maneno haya, kwani nao wameonja miaka ya milio ya risasi milimani. Kijana anayekimbia leo alfajiri katika barabara ya kwenda Mpondwe, bila kuhofu nani amejificha kichakani, anacho kitu ambacho mwenye rekodi ya dunia alikikosa. Wazazi, walimu na viongozi wampatie kiwanja, mwalimu na saa ya kupimia. Sisi tuvaao magwanda wajibu wetu ni mwepesi kuutaja na mzito kuutimiza: kuilinda barabara ile, ili miaka yake isipotee.