Daktari Burkitt na Ramani ya Ugonjwa

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 katika mji wa Enniskillen, nchi ya Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara, naye alipenda sana ndege. Aliwatia ndege wadogo pete miguuni, kisha akachora ramani kuonyesha mahali kila mmoja alipokaa. Mtoto hakujua ya kuwa desturi hiyo ya baba yake ingemfaa siku moja katika bara jingine.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe usoni, akapoteza jicho moja. Hata hivyo alijitahidi, akafuzu udaktari mwaka 1935, akawa mpasuaji hodari. Alipoomba kazi ya serikali katika Afrika alikataliwa kwa ajili ya jicho lile. Lakini hakukata tamaa. Wakati wa vita alikuwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akapelekwa Uganda, kwanza Lira, kisha hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 daktari mwenzake alimwita amtazame mtoto wa miaka 5. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini, na meno yake yalilegea. Baada ya siku si nyingi Burkitt alikwenda Jinja. Alipochungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Akashangaa. Ugonjwa huu ulikuwa saratani, nao ulikua upesi mno. Aliyeonekana na uvimbe mdogo leo, baada ya majuma machache alikuwa hatarini kufa. Kisu hakikufaa kitu, kwani uvimbe ulirudi, au ulitokea tumboni.

Basi Burkitt akajiuliza: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo? Akapeleka barua na picha kwa hospitali nyingi za serikali na za misioni. Kila jibu lilipofika alilitia alama katika ramani. Ikaonekana kama mshipi uliozunguka katikati ya Afrika. Kisha, mwezi wa Oktoba 1961, yeye na madaktari wawili, Williams na Nelson, wakapanda motakaa kuukuu wakasafiri majuma 10. Walikwenda maili 10,000, wakapita Tanganyika na Nyasaland mpaka nchi za kusini, wakiuliza habari katika hospitali zaidi ya 50.

Wakagundua ya kuwa ugonjwa haukufuata kabila. Ulifuata joto na mvua. Karibu na ikweta ulikoma penye urefu wa futi 5,000 hivi, na kadiri walivyokwenda kusini ndivyo mpaka huo ulivyoshuka. Kumbe mpaka wenyewe ulikuwa baridi! Mtoto wa Iringa au Mbeya aweza kufahamu neno hili kwa urahisi. Kwao ni juu ya futi 5,000, na asubuhi za Juni hutetemeka. Lakini akishuka mpaka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, hukuta joto na mbu wengi. Na mbu huleta malaria.

Mwaka ule ule wa 1961 Burkitt alieleza habari hizi London. Mtaalamu mmoja, Anthony Epstein, akamwomba vipande vya uvimbe, vikapelekwa kwa ndege. Mwaka 1964 Epstein na wenzake wakaona ndani yake virusi ambavyo havijapata kujulikana. Virusi hivyo viko kwa watu wa dunia nzima. Lakini mtoto aliyeshikwa na malaria mara kwa mara hushindwa kuvizuia vyema, na saratani hii hupata nafasi.

Burkitt naye hakuona haya kukiri ya kuwa kisu kimeshindwa. Alijaribu dawa, na baadhi ya watoto uvimbe wao uliyeyuka kabisa wakapona. Jambo hili liliwatia moyo madaktari wa nchi nyingi, kwa maana wakati ule wengi hawakuamini ya kuwa saratani yaweza kuponywa kwa dawa tu. Aliondoka Uganda mwaka 1966, na mwaka uliofuata taasisi ya saratani ikaanzishwa Mulago. Burkitt alifariki mwaka 1993, na ugonjwa ule waitwa kwa jina lake hata leo.

Dawa zipo, tena watoto wengi waweza kupona. Lakini dawa haimfai mtoto aliyefichwa nyumbani. Wengine hucheleweshwa kwa kukosa nauli, wengine kwa hofu, na wengine kwa kudhani ya kuwa ni jino tu. Uvimbe wa taya au wa tumbo haungoji mavuno wala sikukuu. Daktari Burkitt alisafiri maili 10,000 kuutafuta ugonjwa. Aliye na mgonjwa nyumbani na afanye upesi safari yake fupi ya kwenda hospitali.